Nilimkataa Baba Kwenye Foleni ya Macho

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Haya, upande wa kulia nimewaona mkipunga mikono. Upande wa kushoto, Bwana asifiwe pia! Nyinyi siwaoni, lakini nimewasikia, na Mama Kwaya nimekusikia kuliko wote. Msichoke kunijibu, kwa sababu leo niko na maneno mengi, na mchungaji amenipa dakika kumi ambazo mimi na yeye tunajua hazitatosha.

Wageni, mimi naitwa Penina. Wengi hapa mnaniita Mama Rebecca, fundi wa nguo, yule wa kibanda cha mabati ya kijani karibu na soko hapa Kitengela. Nimeokoka, nampenda Yesu, na mdomo ninao, sifichi. Ushuhuda wangu ni wa macho. Lakini ndugu zangu, siwezi kuwaambia habari za macho yangu kabla sijawaambia habari za macho ya baba, maana hapo ndipo nilipoteleza.

Kwetu ni Maragoli. Baba yangu aliitwa Elkana, mzee mrefu, mpole, mtu wa chai ya moto na kanisa. Nilipoingia darasa la tatu macho yake yalikuwa yameanza kwenda. Hayakuuma. Hayakuwa mekundu, wala hayakuwa na ule weupe tunaouona kwa wazee wengine. Yalikwenda tu, polepole, kama taa inayoishiwa na mafuta. Kwanza akawa anagonga milango kwa bega. Halafu akawa anakanyaga kuku. Mwishowe ikawa giza.

Nyumbani hakuna aliyesema ni ugonjwa. Walisema baba ametegewa uchawi. Kulikuwa na jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, na kila mtu pale kijijini alijua, au alisema anajua, kwamba yule jirani alikuwa amefukia kitu kwenye mpaka. Basi ikaisha hapo. Hakupelekwa hospitali, kwa sababu daktari angefanya nini na kitu kilichofukiwa?

Mimi nikawa macho yake. Tulikuwa na fimbo ndefu, mimi nashika mbele, yeye nyuma, na hivyo ndivyo tulivyokwenda kanisani na sokoni miaka yote ya shule ya msingi. Tukishatoka langoni alikuwa ananiambia, "Penina, nisomee njia." Nami nasoma. Baba, hapa kuna jiwe. Baba, Mama Jane ameanika mahindi. Baba, ng'ombe wa mwalimu ameingia tena kwa shamba la watu. Nikinyamaza alikuwa anavuta fimbo kidogo. Hakupenda ninyamaze. Alitaka hata nikikosa cha kusema niseme tu hakuna kitu, ili ajue hakuna kitu. Na mimi, mnavyonijua, nikaanza kuongeza chumvi. Nikamwambia kuna ndege mwekundu mkubwa kama bata. Alicheka mpaka tukasimama njiani.

Jioni alikuwa ananiwekea kiganja kichwani, anapapasa mistari ya nywele, na kusema aliyenisuka. Akisema ni shangazi Rasoa, ni shangazi Rasoa. Alisema shangazi anavuta sana. Sijui kama nimewahi kupendwa hivyo tena, na mume wangu asikasirike, yuko hapo mbele ananisikiliza.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Fimbo walimzika nayo.

Sasa nije Kitengela. Nyinyi mliokuja juzi na kukuta maghorofa, hamtaamini. Mimi na Baba Rebecca tulikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, yeye amepata kazi kwa kiwanda cha simiti upande wa Athi River, na tukapanga chumba kimoja cha mawe ambacho upepo ulikuwa unapita ukutani kama hauoni ukuta. Barabara ya Namanga ilikuwa na maduka ya kuhesabika. Ukitoka nyuma ya nyumba, ni mbuga! Wakati wa kiangazi nyumbu na punda milia walikuja mpaka karibu na kamba zetu za nguo. Maji yaliletwa na punda, na ukisikia kengele ya punda unakimbia na mitungi. Asubuhi ya Julai, baridi ikiwa kali, unaona vilima vya Ngong vyote, kimoja baada ya kingine. Jameni, nilikuwa nasimama pale na mswaki mdomoni naangalia tu. Nilikuwa naona kote. Kushoto, kulia, chini, juu. Sikujua kwamba hicho ni kitu cha kushukuru.

Na hili kanisa letu lilikuwa mabati matupu, mabenchi tuliazima shule. Mvua ikinyesha mhubiri ananyamaza, tunaimba mpaka iishe.

Jirani yetu wa kwanza alikuwa Mama Naserian. Ile ardhi yote mnayoiona ilikuwa ya watu wake. Alikuwa analeta maziwa kwa miguu, anasimama mlangoni, mimi nasema "Takwenya," yeye anajibu "Iko," halafu tunaanza mazungumzo ya saa nzima. Yeye ndiye alinifundisha salamu ya watoto. Kwetu mtoto anatoa mkono. Huku mtoto wa Kimaasai anakuja mbele yako, anainamisha kichwa, na wewe mtu mzima unamgusa utosini kwa kiganja. Mara ya kwanza kijana wake Lemayian aliponiinamia nilidhani amedondosha kitu, nikainama tumtafutie pamoja! Mama Naserian alicheka siku nzima. Lakini nilipojua, ndugu zangu, niliipenda salamu ile kuliko zote. Kila nilipogusa kichwa cha mtoto nilikumbuka kiganja cha baba.

Basi katikati ya miaka hiyo akaja mhubiri mgeni. Simtaji, na sisemi vibaya, watu wengi waliokoka kwenye mkutano wake. Lakini alitufundisha habari ya laana za ukoo. Tuandike kwenye karatasi kila ubaya uliopita nyumbani kwetu, wazimu, ulevi, utasa, tuichome, na kuanzia hapo tusiutaje tena. Ukiutaja umekiri. Ukikiri umeurudisha. Ukiulizwa, sema nakataa. Mimi nikachukua kalamu nikaandika neno moja tu: upofu. Nikatupa kwenye moto. Nikalia, nikaruka, nikasema asante Yesu.

Mnajua kilichofuata? Sikumtaja baba tena. Rebecca wangu alikuwa mdogo, akiniuliza babu alikuwa mtu gani, nasema alikuwa mtu mzuri, kula chakula. Hadithi ya fimbo sikumwambia. Ndege mwekundu sikumwambia. Nilimzika baba mara ya pili, na safari hii niliona ni utakatifu.

Miaka michache baadaye wakaja watu wa macho. Walipiga kambi kwenye shule ya msingi, bure, na tangazo lilisomwa hapa kanisani. Mimi nilikwenda kwa sababu uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ulikuwa umeanza kunisumbua. Nikavaa nguo ya Jumapili. Nikapaka wanja! Unakwenda kupimwa macho, unayapamba kwanza, mwanamke wewe! Muuguzi alinipa pamba nikatoe wanja wote, na watu kwenye foleni wakapata cha kuchekea.

Nikasomeshwa ule ubao wa herufi ukutani. Nilisoma mpaka mstari wa chini kabisa, kwa sauti ya kanisa. Wakasema nahitaji tu miwani ya kusomea karibu. Halafu yule muuguzi, kijana mwenye adabu, akachukua karatasi, akaniuliza, "Mama, katika familia yenu kuna mtu aliyewahi kupofuka?"

Ndugu zangu, nilisimama pale na miguu yangu miwili, binti wa Elkana, niliyemshikia fimbo tangu darasa la tatu, nikasema, "Nakataa kwa jina la Yesu."

Kijana aliinua macho, akaniuliza tena polepole, kama kuna mtu au hakuna. Nikasema hakuna. Akaandika hakuna.

Sasa sikilizeni. Waliosema kuna mtu, walikuwa wanapelekwa benchi lingine, ndani ya darasa, kupimwa presha ya macho. Niliwaona pale wamekaa, mzee mmoja na akina mama watatu. Na mimi niliwapita na miwani yangu mpya nikimshukuru Mungu kwamba sikuwa kwenye benchi lile. Hatua kumi tu zilikuwa kati yangu na msaada wangu. Nikaenda nyumbani nikapika chapati.

Presha ya macho haina kelele. Haiumi. Inakula pembeni kwanza, inaacha katikati, kwa hivyo unasoma vizuri, unashona vizuri, na unajiambia uko sawa. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano mara moja, bila kulamba mara mbili. Baba Rebecca akiniuliza mbona nimepiga meza teke, namwonyesha sindano. "Macho gani hayo mabaya yanaweza hii?" Anatulia. Ukibishana na mimi uwe umekula.

Lakini miaka ikaenda, tukaingia elfu mbili, na watu wakaanza kuninung'unikia. Mama Rebecca siku hizi ana maringo. Mama Rebecca anapita watu. Akina mama wa chama wakaniita kikao, nikaulizwa nani amenikosea. Nikawajibu vibaya, ndio, nilijibu vibaya, na wengine wako hapa, naomba msamaha tena. Mimi niliona wao ndio wameanza kuninyamazia. Mtu yuko mbali namwona, namchangamkia, akikaribia anapotea. Nilidhani ni wao wanajificha.

Siku moja mchana Mama Naserian akaingia kwa kibanda changu bila maziwa. Hakukaa. Alikuwa amevaa shuka yake ya kwenda kwa watu wenye heshima, na hiyo ilinitisha.

"Mama Rebecca," akasema, "mimi nimekuja na kinyongo na sitaki kulala nayo. Watoto yangu wanakuinamia kichwa, wewe unapita. Siku ya kwanza nilisema umechoka. Sasa ni siku nyingi. Leo Silantoi amesimama hapo nje, ameinamisha kichwa, amengoja, umemwacha hapo. Amerudi akilia. Tumekukosea nini?"

Silantoi alikuwa kitinda mimba wake, mtoto wa miaka mitano. Nilishtuka. Nikaapa sikumwona mtoto yeyote. Halafu akazunguka meza, nikamsubiri aongee, kimya. Nikasema, Mama Naserian, umetoka? Akasema yuko hapo. Nikageuza kichwa, na yuko hapo kweli, upande wangu wa kushoto, mkono wake umenyooka karibu na sikio langu. Nilikuwa sijauona mkono wa mtu karibu na sikio langu! Akanisimamisha katikati ya kibanda, akaniambia niangalie mlango tu, akawa anapita pembeni, huku, kule, anainama, anainuka. Kila mara nilikosea. Mwishowe akakaa kwenye stuli, hasira yote imemtoka.

"Wewe haujakataa watoto yangu," akasema. "Hauwaoni."

Nikashika bega langu la kushoto. Lilikuwa na alama nyeusi ya mlango wa jikoni, juu ya alama nyingine ya mlango wa jikoni. Bega. Baba alianza kwa bega. Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye vipande vya vitambaa.

Unajua niliogopa nini? Sikuogopa giza kwanza. Niliogopa kwamba nimeirudisha laana. Kwamba mahali fulani nilikiri bila kujua. Nikafunga siku tatu, nikakataa, nikakataa, nikakataa mpaka sauti ikakauka. Siku ya nne nikagonga mlango tena. Nikaenda kwa mchungaji wetu, huyu huyu, wakati ule alikuwa bado na nywele. Nikamweleza yote. Karatasi, moto, muuguzi, bega. Nikamwambia nikienda hospitali wataniuliza tena juu ya baba, na nikisema nimekwisha.

Mchungaji hakunihubiria. Aliniomba nimwambie baba alikuwa mtu wa aina gani. Nikaanza kidogo kidogo, halafu ikamwagika. Fimbo, njia, Mama Jane na mahindi yake, kiganja, ndege mwekundu. Nilicheka na kulia pamoja. Yeye alingoja nimalize, akaniuliza, "Penina, huyu baba alikuwa laana kwako?"

Nikasema hapana. Alikuwa baraka yangu ya kwanza.

"Basi ulichoma nini?"

Mimi, Penina, nilitembea mpaka nyumbani kimya, na hiyo ni saa yangu ya wokovu wa pili, naihesabu hivyo.

Wiki iliyofuata nikaenda Kajiado, hospitali. Mara hiyo ya kwanza walinipa tu tarehe, na muuguzi wa kliniki ya macho, mama mnene mwenye sauti tamu, akaniambia jinsi ya kujiandaa. Nije na miwani yangu. Nije na dawa zote ninazotumia, hata za miti, hata zile naona aibu kuonyesha. Nisipake kitu machoni. Nije na mtu wa kunirudisha, kwa sababu wataniwekea dawa ya kufungua mboni, na nikitoka nitaona ukungu na jua litanichoma, kwa hivyo na kofia pia. Halafu akasema niulize nyumbani, taratibu, nani na nani aliwahi kupata shida ya macho, na ilianza akiwa na umri gani. Akasema wengi huwa hawaulizi.

Nikaenda kwa simu ya jamii, ile ya kulipia, nikampigia kaka yangu Musa kijijini. Salamu zikaisha, nikamwuliza. Akaniambia jicho lake moja limekwisha tangu mwaka uliopita, na hakumwambia mtu, kwa sababu yule jirani wa mpaka alishakufa zamani na angemlaumu nani sasa. Akaniambia na shangazi Rasoa, yule anayevuta nywele, alikufa haoni. Tulilia kwenye simu, watu wazima wawili. Halafu nikamwambia aende hospitali kesho yake, na aseme. Nikachukua kalamu. Nikaandika kwenye karatasi: Elkana, baba. Rasoa, shangazi. Musa, kaka. Hii sikuichoma. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba pamoja na miwani.

Siku yenyewe nilikwenda na Rebecca, shule zilikuwa zimefungwa. Wakanisomesha herufi, nikasoma mpaka chini, kama kawaida yangu, lakini safari hii sikujivuna. Daktari akaniambia nimwangalie pua, akawa ananyoosha vidole pembeni, niseme nikiviona. Nilikuwa nasikia Rebecca nyuma yangu akivuta pumzi, kwa sababu yeye aliviona vyote. Wakaniwekea tone la kutia ganzi, wakapima presha kwa kile chombo kinachogusa jicho. Haiumi, ndugu zangu, msiogope, mimi nimezaa na nimeng'olewa meno, hiyo si kitu.

Halafu daktari akachukua kalamu, akauliza swali.

Nawaambia ukweli mbele za Mungu, lile neno lilikuja. Nakataa! Lilikuwa hapa kwenye ulimi, tayari, limezoea. Nikashika mkoba. Nikatoa karatasi nikaisoma kwa sauti.

"Baba yangu alikuwa kipofu. Aliitwa Elkana. Mimi ndiye nilimshikia fimbo."

Daktari aliandika. Hakushangaa, hakuogopa, hakuna radi iliyopiga. Na mimi ndani yangu kitu kilifunguka ambacho kilikuwa kimefungwa miaka mingi, na nikajua hapo hapo, sijaambiwa na mtu, kwamba nimemrudisha baba yangu nyumbani.

Walinieleza wazi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda sana, na kilichokwenda hakirudi. La kulia bado, tukililinda. Dawa ya kudondosha kila siku, maisha yote, na kliniki bila kukosa. Waliniambia kama ningekuja miaka ile ya kambi, ningekuwa na macho mawili mazima mpaka leo. Sikuwaambia kwamba kambini nilikwenda. Nilitikisa kichwa tu. Hilo nimelibeba mwenyewe na nimeliweka chini ya msalaba.

Tukatoka. Dawa ya mboni ilikuwa imeshika, kila kitu ni ukungu mweupe, jua la Kajiado mchana mnalijua. Nikavuta kofia, nikashika mkono wa Rebecca, tukaanza kushuka kwenda stendi. Alikuwa amenyamaza, mtoto, ameogopa, anafikiri mama yake ndiyo basi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Rebecca, nisomee njia."

Akasema hajui hiyo ni nini. Nikamwambia, sema unachoona. Akaanza na aibu. Mama, hapa kuna shimo. Mama, kuna mzee na mbuzi watatu. Mama, yule mwanamke ameanika shuka kwenye ua wa ofisi ya serikali. Na mimi nikamweleza yote, kutoka hospitali mpaka stendi, na ndani ya basi, mpaka Isinya, mpaka Kitengela. Babu yake alikuwa nani. Tulipofika nyumbani alikuwa anamjua.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa Mama Naserian, bado naona ukungu. Nikamwambia niite Silantoi. Mtoto akaja, akainamisha kichwa, mimi nikapapasa hewani mpaka nikakipata. Nikakishika kwa mikono yote miwili. Mama Naserian akasema sasa mwachie, utamng'oa shingo.

Ndugu zangu, watu wanataka ushuhuda wa mtu aliyekuwa haoni na sasa anaona. Mimi wangu si huo, msije mkanisingizia. Upande huo wa kushoto bado ni giza, nitakufa nao. Lakini jicho hili la kulia, miaka yote hii, daktari anasema limekaa pale pale! Nashona sare za shule za watoto wenu. Nasoma Neno. Mungu alinikomboa na uongo niliouita imani, na hicho kilichobaki amekishika.

Namaliza, mchungaji, nimeona unavyoangalia saa. Uko upande mzuri.

Rebecca naye tulimpeleka. Presha yake ilikuwa juu, na yeye alikuwa bado msichana, hana dalili hata moja, anaona kila kitu mpaka siafu. Wakamwanzishia dawa mapema. Leo ni mwalimu kule Mashuuru, na macho yake ni mazima, kushoto na kulia. Siku ile ya kwanza muuguzi alimwuliza kama kuna mtu katika familia, na mimi nilikuwa nje ya mlango, nimebana sikio kwenye mbao. Nikamsikia mwanangu akijibu bila kusita, "Ndiyo. Mama yangu Penina. Mjomba Musa. Shangazi wa mama, Rasoa. Na babu yangu Elkana, alikuwa anapenda kusomewa njia."

Nilimtukuza Mungu pale kwenye korido mpaka wakaniomba nipunguze sauti.

Sasa, Jumapili ijayo watu wa macho wanakuja hapa baada ya ibada. Njooni. Njooni na miwani yenu, hata iliyofungwa na uzi. Leteni na dawa zenu. Wanja uacheni nyumbani, mmenisikia. Kila mmoja aje na wa kumshika mkono akirudi, na asiye na mtu, mimi nitamshika, tutagongana milango pamoja. Mtegemeeni Bwana, anatosha, na daktari ni mkono wake mmoja. Na wiki hii pigeni simu nyumbani, muulize. Maana wataketi hapo mbele na karatasi, na watawauliza lile swali, na najua kuna mtu hapa ndani ambaye neno liko tayari kwenye ulimi wake. Ndugu yangu, usikatae. Sema jina la mtu wako.

La wangu ni Elkana. Mungu awabariki.